Riale za Chini ya Debe

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu mpendwa,

Unisamehe kwa kuanza na sauti kabla ya shikamoo. Ni sauti ya sarafu ikianguka kwenye sakafu ya saruji: tap. Ilianguka mara moja ikanyamaza, kama mtu aliyebisha hodi kisha akakumbuka kwamba hana la kusema. Tangu Jumamosi ya wiki iliyopita ninaisikia ninapokoroga uji, ninaisikia ninapogonga mihuri ofisini, na asubuhi hii kanisani kengele ya mageuzo ilipolia niliisikia hiyo nyingine chini yake. Nitakueleza ilikotoka.

Sasa shikamoo, Mama. Kifua chako kinasemaje? Natumaini baridi ya huko imeanza kulegea na unapata usingizi bila kuegemea ukuta. Kahawa mmemaliza kuchuma, au Sesilia bado anasingizia jino? Huku sisi ni wazima. Nikisema wazima nina maana kwamba hakuna aliyelala kitandani. Mimi nimechoka, lakini si uchovu wa homa, kwa hiyo usinitumie mizizi.

Barua hii utakabidhiwa na Mzee Komba wa lori la kahawa; nitampelekea leo jioni kabla hajaondoka. Najua ataingiza lori mpaka uani, na wewe utataka kujua mara moja ni nini kile alichokifunika kwa turubai nyuma. Nakuomba kitu kimoja. Mpe Mzee Komba kiti na togwa, vaa miwani ya marehemu Baba, usome mpaka mwisho kabla hajashusha. Nataka ujue kwanza kitu hicho kimepatikana vipi. Ukishukuru kabla ya kujua, nitaona nimekudanganya.

Niliwahi kukuandikia kwamba Kaka Osmundi amepunguzwa kazi kiwandani. Sikukuandikia vile alivyokuwa baada ya hapo, kwa sababu yeye mwenyewe alinikataza. Nguo za mitumba zimejaa kila kona ya mji, vitambaa vya kiwanda vinalala ghalani, basi wakaondoa mafundi wa zamu nzima kwa siku moja. Miaka yote ile ya kutengeneza mashine za kufuma waliiweka katika bahasha, wakaiita kiinua mgongo. Alipofika nyumbani alinipa bahasha bila kuifungua.

"Kaa nazo wewe," alisema. "Mie viganja vinawasha."

Niliiweka chini kabisa ya sanduku langu, chini ya daftari za Kemia za kidato cha sita ambazo sijui ninazitunza kwa ajili gani. Kiwandani king'ora bado kinalia kwa wale waliobaki, na Kaka bado anaamka nacho. Ananawa, anavaa shati la kazi, anachana nywele, halafu anakaa kwenye kigoda barazani kwa Bi Mwanahamisi, mwenye nyumba wetu. Anakaa hapo mpaka king'ora cha mchana. Mimi napita mbele yake asubuhi nikienda Kurasini kazini, namwambia "Kaka, nimekwenda," naye ananijibu "Haya, mama," kama ninavyomsikia akikujibu wewe.

Mwanzoni alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Unakumbuka alivyokuwa akilalamika kila likizo, kwamba wanawake wa kwetu wanabeba mahindi kichwani kilima kizima kwenda kusaga, wakifika wanakuta mashine imeharibika? Basi Jumamosi moja alinichukua tukaenda mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wanaouza mitambo iliyotumika. Palikuwa na injini ya dizeli pamoja na kinu chake cha kusagia. Walipoiwasha Kaka alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Alihamisha ncha mahali pengine, akasikiliza tena, akahamisha tena. Kisha akanipa mimi nisikilize.

"Unasikia? Inapumua vizuri. Hii waliitunza."

Mimi nilisikia kelele tu. Lakini nilimwangalia uso, nikamwona yule Kaka aliyekuwa akifungua redio ya Baba na kuifunga tena bila kubakiza skrubu. Akamwambia muuzaji kwamba atarudi. Hakurudi, kwa sababu wiki ile ile alitokea Bwana Sudi.

Bwana Sudi ni mtu mzima, makamo ya Baba Mdogo, mpole, kanzu yake safi. Alikuja kumuulizia Bi Mwanahamisi chumba cha kupanga akamkuta Kaka kwenye kigoda. Mtu aliyevaa shati la kazi na kukaa barazani asubuhi nzima, hali yake inasomeka kutoka barabarani. Bwana Sudi aliisoma. Hakuulizia chumba tena. Siku ya pili alikuja na habari ya meli.

Alisema kwamba karibu na Mafia kuna meli ya zamani sana iliyozama na kufukiwa na mchanga, na jamaa zake wanaozamia majongoo ya bahari wameikuta. Ndani yake mna riale, zile sarafu kubwa za fedha walizotumia wafanyabiashara wa zamani, zenye sura ya malkia wa Ulaya aliyejifunika ushungi. Wageni wa mahotelini wanazinunua kwa bei ya ajabu, lakini yeye Kiingereza hajui, na hawezi kukaa na mzigo. Anatafuta mtu mmoja mwaminifu auchukue wote.

Nilimuuliza kama vitu vya namna hiyo si mali ya serikali.

Alicheka kwa upole. "Dada yangu, siku hizi kila kitu ruksa."

Akampa Kaka riale moja, tuipime tupendavyo, tukae nayo hata wiki. Alipoondoka Kaka aliniwekea sarafu ile mkononi. Ilikuwa nyeusi, imeliwa ukingoni, na mchanga umeganda kwenye nywele za malkia.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Ukisema ni za kweli, nanunua. Ukisema sivyo, basi, tunamrudishia riale yake na tunamshukuru."

Mama, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunipa neno zito namna ile. Hata nilipofaulu kidato cha sita watu walinipongeza tu, hawakuniuliza kitu. Nilijiona ninahitajika, na sitaficha kwamba nilifurahi.

Nilifanya kila nilichojua. Nilitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu nikaisogeza karibu na sarafu, haikushika. Bi Mwanahamisi ana riale moja aliyorithi kwa bibi yake, anaitunza katika kijaluba pamoja na pete. Nilipomweleza shida yangu aliitoa, akaiangusha mwenyewe kwenye sakafu ya uani. Ililia muda mrefu, sauti nyembamba, ikawa inakwenda mpaka unajiuliza kama bado unaisikia au unaikumbuka. Akasema, "Fedha ya kweli haina haya, mwanangu. Ukiiangusha inasema jina lake." Tukaiangusha ya Bwana Sudi. Nayo ililia, fupi kidogo kuliko ya Bi Mwanahamisi, lakini ililia. "Na huyu bibi kwenye riale," akaongeza, "kafunga ushungi kunishinda mie."

Sikuridhika. Nilikwenda mjini kwa sonara, mzee wa Kihindi mwenye duka dogo kama kabati. Aliisugua sarafu kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea tindikali, akatazama rangi. Akaipima kwenye mizani, akasema ni nyepesi kuliko inavyopasa, lakini bahari hula fedha kidogo kidogo, kwa hiyo hilo si ajabu. Akanirudishia.

"Hii fedha," alisema. "Hii moja mimi nasema. Ingine sijaona, ingine sisemi."

Nilimshukuru nikatoka. Yale maneno yake ya mwisho niliyasikia kama mtu anavyosikia salamu za mlangoni, bila kuyachukua. Nilifika nyumbani nikamwambia Kaka, "Ni za kweli."

Nilishika moja, nikajibu kwa ajili ya zote. Nimejiuliza sana kwa nini. Nilijitahidi kuamini kwamba ni kusahau tu, lakini nadhani nilitaka ziwe za kweli. Nilitaka kile kigoda kiondoke barazani. Nilikuwa nimechoka kupita mbele yake kila asubuhi nikienda kazini, mimi mdogo wake, mwanamke, na yeye amechana nywele.

Siku ile ile Kaka alimpelekea Bwana Sudi arubuni niliyomtolea kwenye bahasha, akamwambia alete mzigo Jumamosi ya wiki itakayofuata.

Sasa nikueleze kidogo kazi yangu, maana hapa ndipo nilipoamka. Ofisi yetu inawatolea watu mizigo bandarini. Kontena likifunguliwa kwa ukaguzi, karani kama mimi anasimama na karatasi, na mkaguzi anachagua katoni ya kufungua. Mwenye mzigo siku zote ana katoni aliyokwisha kuisogeza mlangoni, safi, imekaa vizuri, inangoja kufunguliwa. Mkaguzi mzuri haigusi. Anawaambia wapagazi waingie mpaka ukutani watoe ya nyuma, tena ya chini. Mkubwa wangu wa kazi ana msemo, na siku ya kwanza nilipoajiriwa aliniambia niuandike: mzigo wa mlangoni ni salamu, mzigo wa ndani ndio habari.

Siku ya Ijumaa, Bwana Sudi akiwa anatarajiwa kesho yake, nilikuwa uwanja wa makontena, jua linachoma, wapagazi wanavuta katoni za ndani. Mwenye mzigo alikuwa anasema, "Jamani, si mngefungua hii hapa tu, zote ni sawa." Mkaguzi akamjibu bila kumtazama, "Kama zote ni sawa, unaogopa nini?" Watu wakacheka. Mimi nilisimama na karatasi zangu, nikamwona mawazoni yule sonara na jiwe lake jeusi. Hii moja mimi nasema. Nilikosea mistari miwili ya fomu, ikabidi niandike upya.

Jumamosi asubuhi Bwana Sudi alikuja na debe. Tulikuwa uani: Kaka, mimi, na Bi Mwanahamisi aliyekuwa ameloweka ukwaju kwenye bakuli. Debe lilijaa maji ya bahari, na chini ndani ya mchanga ziliwekwa riale, nyeusi, nyingine zimegandwa na vikonokono vidogo vya baharini. Kaka alikuwa amevaa shati jipya. Bwana Sudi aliingiza mkono akatoa tatu za juu, akazipanga kwenye kitambaa.

"Zipime, dada. Mtu asije akasema Sudi kamharakisha."

Niliziangusha moja moja. Zote tatu zililia. Kaka alinitazama, na uso wake ulikuwa kama siku ile ya bisibisi. Nikasema, "Shikamoo yako, Bwana Sudi, naomba nitoe mwenyewe."

"Marahaba, lakini hizo nyingine tusizisumbue. Fedha ya baharini ni kama samaki. Ukiitoa majini kabla ya wakati wake inakufa, inapukutika."

"Nitatoa chache."

"Editha," Kaka akasema.

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia. Niliupeleka mpaka chini, mchanga ukaingia kwenye kucha, nikakamata kiasi nilichoweza. Zilikuwa sita. Niliangusha ya kwanza.

Tap.

Ndiyo hiyo sauti, Mama. Niliangusha ya pili, ikawa hivyo hivyo. Halafu Bwana Sudi akatabasamu. "Si nimekwambia? Zimelowa maji. Kitu kilicholowa hakiimbi."

Mtu asiyesoma angekubali, na mtu aliyesoma kidogo pia angekubali. Nilichukua kanga nikaifuta moja mpaka ikakauka, nikaiangusha: tap. Nikamwomba Bi Mwanahamisi riale yake, nikaichovya ndani ya debe, nikaiangusha ikiwa inachuruzika maji. Ililia mpaka kuku waliokuwa karibu na mlango wakainua vichwa.

"Ya kwangu imeogeshwa na bado inaimba," alisema Bi Mwanahamisi. "Hizo za kwako, Sudi, zina mafua?"

Akachukua moja kati ya zile sita, akaisugua kwa ukwaju kama wanawake wa hapa wanavyosafisha vito vyao kabla ya harusi. Weusi ulihamia kwenye vidole vyake kama masizi ya chungu, na chini yake pakaonekana rangi ya sufuria kuukuu. Akamwonyesha vidole. "Bahari gani hiyo inapaka rangi?"

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu kingine, na bora nisingekiona, maana baada yake hapakubaki pa kujificha. Zile sita nilizipanga kwenye kitambaa. Kila moja ilikuwa na alama ya kubonyea karibu na sikio la malkia. Alama ile ile, mahali pale pale, kubwa kwa kiasi kile kile. Nilimwonyesha Kaka kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Bahari haiwezi kung'ata sarafu sita mahali pamoja," nilimwambia. "Hizi zimetoka kwenye kalibu moja. Aliyetengeneza alichukua riale moja yenye kasoro, akaizalisha."

Nilitegemea Kaka amkasirikie Bwana Sudi. Niliogopa hata atampiga. Kaka alinitazama mimi.

"Wiki mbili zilizopita ulisema ni za kweli."

"Nilisema vibaya. Niliona moja tu."

"Sasa nikuamini lini? Siku ile au leo?"

Bwana Sudi alizikusanya riale zake bila haraka, akasema kwamba huenda wale wazamiaji nao walidanganywa, kwamba atazichambua, kwamba za kweli zimo, si tumezisikia wenyewe? Akaniambia, "Dada, umesoma sana, lakini bahari hukuisomea." Kaka alimbebea debe mpaka barabarani. Mama, alimwomba radhi. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Tusameheane, Bwana Sudi, huyu mdogo wangu ana hasira za karibu."

Siku tatu hakunisemesha. Anaamka na king'ora, anakaa kwenye kigoda. Jumatano niliporudi kazini alikuwa ananisubiri mlangoni pa chumba.

"Ijumaa nitaichukua ile bahasha," alisema. "Sudi kachagua zile nzima. Tutakutana Mbagala, yeye na mie tu. Wewe usije."

"Kaka, atakuwekea za kweli juu."

"Hata nusu yake zikiwa za kweli, zinatosha."

"Na ile mashine ya Gerezani? Uliisikiliza mwenyewe."

Alicheka, kicheko kibaya. "Nirudi Mbinga na mashine ya kusaga? Nimeondoka pale nikiwa fundi wa kiwanda, nirudi nipakwe unga na akina mama? Wee, Editha. Watasema mji umenitapika."

Hapo ndipo nilipomwelewa, na kumwelewa kulinichosha kuliko kumkasirikia. Si kwamba hakusikia ile tap. Aliisikia vizuri kuliko mimi. Masikio yake ndiyo kazi yake. Lakini mashine ilikuwa na maana ya kurudi, na riale zilikuwa na maana ya kubaki. Hakuwa ananunua fedha. Alikuwa ananunua sababu ya kutoamka akiwa hana pa kwenda.

Mama, kabla sijakuambia lililobaki, niwasalimie watu, kwa sababu nikishaliandika sitakuwa na nguvu ya kuandika jingine. Msalimie Baba Mdogo, mwambie ile barua yake ya kuulizia mbolea niliipata na nitamjibu. Msalimie Shangazi mwenye mguu. Kama mafuta niliyomtumia yameisha anijulishe. Msalimie mama yangu wa ubatizo, na katekista wetu, umwambie bado naimba sauti ya pili na bado nachelewa. Mdogo wangu Sesilia mpe kalamu mbili zilizomo kwenye mfuko wa karatasi alionao Mzee Komba, umwambie asigawe. Bi Mwanahamisi anakusalimu sana. Anasema ukija atakupikia mchuzi wa papa na utaacha kusema kwamba samaki ananuka.

Lililobaki ni hili.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini. Nilitoa bahasha chini ya daftari za Kemia, nikaenda Gerezani peke yangu. Injini ilikuwa bado ipo. Niliomba waiwashe. Nilikuwa nimebeba bisibisi ya Kaka kwenye mkoba, nikaweka ncha pale alipoweka yeye na mpini sikioni, mafundi wakanicheka. Nilisikia kelele tu, kama mara ya kwanza. Lakini safari hii sikuwa napima injini. Injini ilikuwa imeshapimwa na mtu anayejua. Mimi nilikuwa nahakikisha kwamba ni ile ile.

Nililipa. Stakabadhi nimeiandikisha kwa jina lake, Osmundi, mwana wa marehemu Baba. Mchana huo huo Mzee Komba alikuwa Kurasini ameshusha kahawa, akakubali kuichukua, akaifunga kamba na kuifunika turubai.

Ijumaa asubuhi, king'ora kilipolia na Kaka akavaa shati lake, nilimpa stakabadhi pamoja na kilichobaki kwenye bahasha. Nilimweleza kwa maneno machache. Nilimwambia kwamba fedha ni yake, jasho ni lake, na kwamba sikuwa na haki. Nilimwambia pia kwamba neno alilonipa, la kusema ndiyo au sivyo, nililitumia vibaya mara ya kwanza, na sikuweza kukaa nikamwona akilipa kosa langu huko Mbagala. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alikaa kwenye kigoda, akaisoma stakabadhi pande zote mbili, ijapokuwa nyuma haikuandikwa kitu. Bi Mwanahamisi aliingia ndani ili asituone.

Kaka aliikunja stakabadhi, akauliza, "Mkanda walikupa?"

Sikuelewa. "Mkanda gani?"

"Wa kuunganisha injini na kinu. Ule wa ngozi, mpana. Ulikuwepo siku tuliyokwenda."

Nikafikiri. Hawakunipa. Sikuukagua.

"Walikuibia," alisema.

Jana Jumamosi aliondoka mapema bila kusema anakokwenda. Alirudi adhuhuri, shati limeloa jasho, mkanda ameuvaa begani kama stola ya shemasi. Hakunieleza alikuwa amesemezana nao vipi huko. Aliutundika kwenye msumari juu ya mlango wa chumba chetu. Mzee Komba alipopita jioni kuchukua mfuko wa Sesilia aliuona, akauliza kama nao unakwenda, lori bado lina nafasi.

Kaka akasema, "Huo uache."

Usiku wa kuamkia leo sikusikia kama amelala au la. Asubuhi niliporudi misani mkanda ulikuwa bado kwenye msumari, na kigoda hakikuwepo barazani. Nilikikuta jikoni, Bi Mwanahamisi amekikalia anakuna nazi.

Sijui kama nimeokoa au nimeiba, Mama. Nimeandika barua hii yote ili wewe uniambie, na sasa nimefika mwisho naona sihitaji uniambie haraka. Sasa mwambie Mzee Komba ashushe. Iwekeni kwenye banda la Baba, mahali pakavu, muifunike. Watu watakuja kuitazama, na yupo atakayesema anamjua fundi wa kuiwasha. Msimwite. Bila mkanda haitazunguka, na mkanda uko kwa mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Editha